Wembe wa Kukunja: Mwongozo Kamili wa Kujinyoa Ndevu kwa Makali Wazi

Kinachomteka mtu kwanza ni sauti. Wembe mwembamba ukipita kwenye shavu lililolowa vizuri hutoa mlio mdogo, kama jani kavu linaloburutwa sakafuni na upepo. Baada ya wiki chache unaanza kuusoma mlio huo. Ukiwa wa kukwaruza, povu limekauka. Ukizimika ghafla, umelaza wembe mno na unateleza juu ya ndevu bila kuzikata. Usiposikia kitu ila unahisi ndevu zinang'olewa, makali yamekwisha, na nguvu za mkono hazitakusaidia.

Mimi niliuendea wembe huu kwa sababu isiyo sahihi. Nilikuwa nimechoshwa na vipele vya shingoni, nikaamini kwamba kubadilisha chombo kungemaliza kila kitu. Vilipungua kweli, lakini kwa sababu chombo kilinilazimisha kufanya mambo niliyokuwa nayaruka kwa miaka: kulowesha ndevu hadi zilainike, kujua zimelala upande gani, na kuacha kukandamiza. Wembe wa plastiki huvumilia uzembe. Pembe yake imeshapangwa kiwandani, una kinga mbele, na makali yakiisha unautupa. Wembe wa kukunja hauna hata kimoja cha hivyo. Pembe ni mkono wako mmoja, kinga ni mkono wa pili unaovuta ngozi, na makali ni kazi yako ya kila siku. Anayeutaka ili aokoe muda aache sasa hivi. Mimi hutumia dakika 20, na miezi ya mwanzo zilikuwa 40.

Zamani hapakuwa na chaguo kubwa. Katika karne ya 18 fundi visu Mfaransa, Jean-Jacques Perret, alijaribu kuuvika wembe kinga ya mbao ili usizame kwenye ngozi, lakini wembe wa kukunja uliendelea kutawala hadi Mmarekani King Camp Gillette alipoleta kiwembe chembamba cha kutupa. Mwaka 1903, alipoanza kuuza, alipata wateja wa mashine za kunyolea 51 na viwembe 168 tu. Hataza yake ilitoka mwaka 1904, kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikamaliza ubishi: jeshi la Marekani liliwagawia askari wake mashine hizo, nao wakarudi nyumbani na mazoea mapya. Wembe wa kukunja ukabaki mikononi mwa vinyozi. Hata hivyo, nyembe zilizofuliwa Sheffield, Uingereza, katika karne ya 19 bado zinanyoa leo zikipata mtu wa kuzinoa.

Kuchagua wembe

Swali la kwanza kumuuliza muuzaji si bei wala chapa. Muulize: umenolewa na nani? Nyembe nyingi mpya hutoka kiwandani zikiwa na makali ya kukata karatasi, si ya kunyoa uso. Anayeanza na wembe wa namna hiyo huumia, hudhani mkono wake ndio mbovu, na huacha ndani ya wiki. Tafuta ulionolewa na mtu anayejua kazi hiyo, hata kama ni mkuukuu. Ogopa nyembe zinazong'aa sana na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Chuma chake huwa laini, na mgongo wake mara nyingi umepinda kiasi kwamba hautulii juu ya jiwe la kunolea.

Upana hupimwa kutoka mgongoni hadi kwenye makali, kwa sehemu za nane za inchi. Wembe wa 5/8, yaani kama milimita 16, hupenya kirahisi chini ya pua. Wa 6/8, kama milimita 19, ni mzito kidogo na hubeba povu jingi kabla ya kuhitaji kufutwa. Wowote kati ya hiyo miwili unamfaa anayeanza.

Kisha tazama umbo kwa upande wa ncha. Kuna nyembe nene zenye umbo la kabari, na kuna zilizochimbwa mashavuni hadi chuma kikawa chembamba na chenye kunesa. Hizi nyembamba ndizo zinazoimba. Kabari ni kimya na hukata ndevu ngumu bila kutetereka, lakini kuinoa ni kazi. Chukua ya katikati. Na ncha iwe ya mviringo, tafadhali. Ncha ya mraba inapendeza kwenye picha na husaidia kuchonga mstari wa masharubu, ila nami nilipitia hapo, na ndewe ya sikio langu la kushoto ina alama ndogo ya ushahidi.

Ukinunua uliotumika, uangalie makali kwenye mwanga mkali. Kutu ya mgongoni haina neno. Kutu iliyofika kwenye makali, au ufa hata wa unywele, ni sababu ya kuuacha hapo hapo.

Upo pia wembe wenye umbo lile lile unaovishwa nusu ya kiwembe cha kawaida, ambao vinyozi wengi huutumia kwa sababu kila mteja hupata kiwembe kipya. Hauhitaji mkanda wa kunyooshea makali wala jiwe la kunolea. Watu hudhani kwa hiyo ni rahisi zaidi, lakini kiwembe hicho ni kikali mno, hakinesi, na hakikusamehe. Ukianza nao, punguza matumaini ya siku ya kwanza.

Vingine vya kuwa navyo ni mkanda wa ngozi, brashi, sabuni ya kunyolea (si ya kuogea, povu lake hukauka haraka), kipande cha shabu (lile jiwe jeupe la kukomesha damu), na mafuta mepesi kama yale ya cherehani. Jiwe linaweza kusubiri.

Mkanda, kila mara kabla ya kunyoa

Ukingo wa wembe mkali una unene usiofika sehemu moja ya elfu ya milimita. Kitu chembamba hivyo hupinda. Mwaka 2020 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, waliochunguza viwembe kwa hadubini walionyesha kwamba unywele, ambao ni laini mara 50 kuliko chuma cha wembe, unaweza kumegua makali ukikutana nayo kwa pembe mbaya mahali ambapo chuma hakiko sawasawa. Mkanda haurudishi chuma kilichomeguka. Kazi yake ni kuunyoosha ukingo uliopinda na kuusafisha, ili uingie kwenye ndevu ukiwa umesimama wima.

Tundika mkanda kwenye kitu kisichong'oka, ushike ncha ya chini, uvute hadi ukaze. Mkanda uliolegea huzunguka makali na kuyafanya butu. Laza wembe kabisa, mgongo na makali vyote viguse ngozi. Sasa usukume mbele ukitanguliza mgongo, makali yakifuata nyuma. Ukifika mwisho, simama. Ugeuze kwa kuuviringisha juu ya mgongo wake, kamwe si juu ya makali, kisha urudi, mgongo tena mbele. Kwenda na kurudi ni mara moja. Fanya mara 20 hadi 30 upande wa turubai, halafu 50 upande wa ngozi, kwa uzito wa wembe wenyewe bila kuongeza wako.

Mkanda wangu wa kwanza una makovu matatu. La kwanza nililiweka ndani ya dakika ya kwanza: nilifika mwisho, nikageuza mkono kabla sijasimama, na wembe ukazama kwenye ngozi kama unakata kamba. Nilikuwa nimeona mtu akifanya kwa kasi nikataka kufanana naye. Kasi huja yenyewe. Kwa siku mbili tatu za mwanzo fanya mazoezi na kisu butu cha mezani mpaka kiganja kizoee kule kuviringisha, na mkanda wako wa kwanza usiwe wa gharama.

Kulowesha

Ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Methali inahusu tahadhari, lakini hata kama somo la kunyoa iko sahihi. Ndevu kavu ni ngumu. Zikinywa maji huvimba na kulainika, na hilo huchukua dakika si chini ya 3. Oga kwanza, au funika uso kwa taulo la maji ya uvuguvugu. Maji ya moto sana huichubua ngozi kabla hujaanza.

Wakati huo brashi nayo iwe inalowana. Ya manyoya ya nguruwe inahitaji muda mrefu zaidi kuliko ya manyoya ya beja, yule mnyama wa jamii moja na nyegere. Ya nyuzi za kiwandani haihitaji kabisa. Ikung'ute, izungushe juu ya sabuni kwa nusu dakika, kisha uende nayo usoni ukiongeza maji matone machache machache. Povu zuri linang'aa, halina mapovu makubwa, na ukilisugua kati ya vidole viwili linateleza. Wanaoanza karibu wote huweka maji kidogo mno, wakapata kitu cheupe kinene kinachokauka usoni kama chokaa.

Kabla ya yote hayo, siku ambayo ndevu zimeota kidogo, pitisha vidole usoni. Upande unaoteleza ndio mlalo wake. Unaokwaruza ni kinyume. Mashavuni kwa kawaida zinashuka chini. Shingoni usibahatishe: kwa wengi hulala kando, au hupanda juu, au huzunguka kama kisogo cha mtoto. Chora ramani hiyo kwenye karatasi ukipenda. Mimi nilichora.

Kushika, pembe, kuvuta ngozi

Fungua mpini mpaka upite mstari wa wembe na kuelekea juu. Vidole vitatu vikae juu ya shingo ya wembe, dole gumba chini yake, kidole kidogo kitulie kwenye mkia. Kiganja kisibane. Ukiona vifundo vya vidole vimebadilika rangi, umebana.

Laza wembe ubapa kwenye shavu, kisha inua mgongo mpaka nafasi kati yake na ngozi itoshe unene wa mgongo mara mbili hivi. Hiyo ni kama nyuzi 30, na ndiyo pembe ya kazi. Ukiinua zaidi unakwangua ngozi na mwisho wake ni damu. Ukilaza zaidi unavuta ndevu.

Mkono wa pili una kazi kubwa kuliko ulioshika wembe. Ngozi iliyolegea hujikunja mbele ya makali, na hapo ndipo pa kukatika. Kausha vidole, viguse kwenye shabu iliyolowa ili visiteleze, kisha vuta ngozi upande ulio kinyume na wembe unakokwenda.

Sheria moja haina msamaha: wembe uende mbele kwa upana wake, usiteleze kwa urefu wa makali. Makali haya yakisukumwa moja kwa moja hunyoa. Yakivutwa kando, hata kidogo, hata bila nguvu, hukata kama kisu. Karibu majeraha yote niliyowahi kupata yametokana na kuteleza huko, na mengi yalikuwa wakati wa kuuweka wembe usoni au kuuondoa, wala si katikati ya kunyoa.

Na wembe ukianguka, uache uanguke. Ruka nyuma, usijaribu kuudaka. Tandika taulo kwenye sinki. Wembe wangu wa kwanza haukuanguka hata. Niliugonga kwenye bomba nikiusuuza, na kapengo kadogo kakabaki kwenye makali.

Wiki ya kwanza ni mashavu tu

Hapa ndipo wengi hukosea kwa pupa. Wiki hiyo nzima nyoa mashavu mawili, basi. Sehemu nyingine malizia na wembe wako wa zamani. Hakuna aibu, na hakuna anayekuona.

Anza chini ya sharafa. Vuta ngozi juu kwa vidole vilivyowekwa karibu na sikio. Weka wembe, hakikisha pembe, vuta pumzi, kisha ushushe sentimita 2 na usimame. Futa. Rudia pale ulipoishia, ukipanda kidogo juu ya sehemu iliyonyolewa ili usiache mstari. Miendo iwe mifupi. Ukihisi unataka kubonyeza, ni dalili ya makali au ya pembe, kwa hiyo simama uangalie lipi limeharibika. Povu likianza kukauka, paka jingine.

Wiki ya pili ongeza shingo. Inua kidevu, vuta ngozi chini kwa mkono wa pili karibu na mfupa wa bega. Lile fundo la kooni usilinyoe lilipo: meza mate na ulishikilie juu, au isogeze ngozi kando mpaka ikae juu ya sehemu bapa, kisha nyoa hapo. Kona ya taya nayo ina ujanja wake. Mfupa hugeuka ghafla na wembe ulionyooka haugeuki nao, kwa hiyo ivute ngozi ya taya juu ya shavu au chini ya shingo, popote penye ubapa.

Kidevu ni cha mwisho. Ndevu zake ni nene na umbo lake ni la mviringo, kwa hiyo tumia sehemu ya katikati ya wembe na miendo ya nusu sentimita. Kwa mdomo wa juu, vuta mdomo chini juu ya meno na ushushe wembe kutoka puani bila kuharakisha. Mwezi mzima ukipita kabla hujajinyoa uso wote kwa wembe huu, uko sawa na wengi wetu.

Mpito wa pili, na wenye vipele

Mpito wa kwanza hufuata mlalo wa ndevu. Ukizoea, paka povu upya upite kukatisha mlalo, yaani kwa kando. Wapo wanaopita mara ya tatu kinyume kabisa ili ngozi iwe nyororo kama ya mtoto. Mwenye ndevu za kipilipili ashikilie mpito wa kwanza, labda na wa kukatisha. Ndevu za kujikunja zikikatwa chini mno hurudi ndani ya ngozi zikiota, na hapo ndipo vipele vya ndevu huanzia. Wembe wenye viwembe vingi huongeza tatizo kwa sababu kiwembe cha mbele huvuta unywele na cha nyuma huukata chini ya usawa wa ngozi. Makali mamoja hayafanyi hivyo, lakini ukivuta ngozi kupita kiasi na kwenda kinyume, utapata matokeo yale yale. Kwa hiyo ngozi ikaze kiasi cha kutojikunja, basi.

Mwenye vipele vyenye usaha kwa sasa, anayepata makovu yanayovimba, au anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, amuone daktari wa ngozi kwanza. Na wembe huu hauazimwi kwa mtu, hata ndugu: homa ya ini na Virusi vya Ukimwi husafiri na damu usiyoiona.

Baada ya kunyoa

Suuza kwa maji baridi, kisha pitisha shabu iliyolowa uso mzima. Itakuambia ukweli: panapowasha ndipo ulipokandamiza. Subiri dakika moja, suuza, paka losheni isiyo na spiriti kama ngozi yako hukauka. Mkato mdogo ukandamize kwa shabu au kitambaa safi. Mkato mrefu unaoendelea kutoka damu baada ya kuukandamiza dakika 15 bila kuachia ni wa kupelekwa hospitali.

Wembe usuuze, uufute kuanzia mgongoni kuelekea kwenye makali, uupitishe mara chache kwenye turubai, na uuache wazi mpaka ukauke kabisa, pamoja na ule uwazi kati ya vibao vya mpini ambako maji hujificha. Usiuhifadhi bafuni. Usipoutumia kwa siku kadhaa, upake mafuta.

Kunoa

Siku itafika ambapo mkanda hausaidii tena. Kwa anayenyoa mara tatu kwa wiki, inaweza kuwa baada ya miezi michache. Mara ya kwanza mpe mtu anayejua, ili ujue makali halisi yanahisije. Ukitaka kujifunza mwenyewe, uzuri ni kwamba wembe huu umebuniwa ukiwa na kipimo chake mwilini: ukiulaza juu ya jiwe, mgongo na makali vikigusa pamoja, pembe tayari ni sahihi. Tofauti na mkanda ni moja: kwenye jiwe makali ndiyo yanayotangulia.

Mawe hupangwa kwa namba, na namba ikiwa kubwa jiwe ni laini zaidi. Jiwe la namba 1000 hutengeneza upya makali yaliyoharibika, kisha 4000 au 5000, kisha 8000, na 12000 la kumalizia. Wembe uliochoka tu hauhitaji kurudi kwenye 1000. Mizunguko michache kwenye la mwisho, au kwenye mkanda wa pili uliopakwa dawa ya kijani ya oksidi ya kromiamu, hutosha. Wapo wanaoapa kwa mawe ya asili, hasa Coticule ya Ubelgiji, na mimi sibishani nao. Jiwe lenyewe lazima liwe bapa kabisa. Ukitaka kupima, pitisha wembe juu ya malaika ya mkononi bila kugusa ngozi: yakidondoka, nenda kwenye mkanda.

Zamani ziliuzwa seti za nyembe saba, kila moja na siku yake, na ipo imani kwamba chuma kinahitaji kupumzika baada ya kunyoa. Kwangu faida ni nyepesi zaidi: kila wembe hupata muda wa kukauka, na mmoja ukiisha makali, mwingine upo. Miwili inatosha. Ule wa plastiki nao usiutupe. Asubuhi umechelewa, mkono unatetemeka kwa usingizi na mtu anagonga mlango wa bafu, huo ndio wa kutumia.